Jioni Niliyoiunganisha

Tulipomzika Ambakisye mwaka jana, mjukuu wake mmoja alikaa pembeni ya turubai na simu yake, anatafuta picha ya kuweka kwenye fulana za msiba. Alikuwa amepata moja nzuri, babu yake amesimama mbele ya choo cha jirani, na kwa kidole kimoja akakifuta choo kile, akaweka mahali pake bustani ya maua ambayo hapa Kyela haijawahi kuota. Akanionyesha, akauliza, bibi, imetoka? Nikamwambia imetoka. Ningemwambia nini? Kwamba mwenye picha ndiye aliyenifundisha kazi hiyo, kwa wembe na gundi ya unga wa ngano, siku tatu kwa picha moja, na kwamba alikufa hataki hata kuisikia? Jua lilikuwa kali, wali wa msibani umenikaa tumboni, nimechoka. Lakini tangu siku ile kuna mwaka mmoja umenirudia na hauniachi, kwa hiyo nauandika, labda nitapumzika.

Ulikuwa mwaka wa enzi za ruksa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, maduka yalipoanza kujaa tena sabuni, redio na mitumba, na watu wakaanza kutaka kuonekana. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi wa chumba cha giza katika studio ya Ambakisye, pale Bondeni. Studio yenyewe ilikuwa vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na benchi la wateja, kioo chenye ufa, kitana kilichofungwa kamba kisiibiwe, na pazia lililochorwa ngazi za jumba la kifahari, ngazi ambazo nusu ya watu wa wilaya hii wamepigwa picha mbele yake. Cha nyuma kilikuwa changu: meza, mashine ya kukuzia picha, beseni tatu za dawa, na balbu tuliyoifunga kitambaa chekundu ili mwanga wake usiunguze karatasi. Dirisha lilizibwa kwa matofali. Ukikaa humo saa tatu unatoka umelowa jasho na vidole vinanuka siki. Kati ya chumba changu na cha mbele kulikuwa na ukuta wa mbao tu, na wateja walisahau kwamba nyuma ya mbao kuna mtu. Nilisikia mengi mle. Nilijua nani ana mimba kabla mama yake hajajua, na nani anapiga picha ya paspoti ili amkimbie mke.

Ambakisye alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mrefu, mpole kwa wateja na mkali kwangu, aliyejifunza kazi kwenye miji ya migodi kule Zambia. Mwaka ule naye alikuwa amechoka. Picha za rangi zilikuwa zimeingia. Vijana wenye kamera ndogo walizunguka kwenye harusi na kipaimara, filamu zinapanda basi kwenda Mbeya kusafishwa, baada ya siku tatu nne zinarudi, watu wana mashavu mekundu na migomba ni ya kijani mpaka inatisha. Hata sisi tulianza kupokea filamu za rangi, na kila Alhamisi Ambakisye mwenyewe alizipeleka Mbeya, akarudi Ijumaa mgongo unamuuma. Zile hatukuweza kuzigusa. Zikitoka mbaya, zimetoka mbaya. Zetu za nyeusi na nyeupe tuliweza kuzibembeleza, na kwa kubembeleza huko ndiko tulikokuwa tunakula.

Kitu alichokuwa nacho Ambakisye, ambacho vijana wale hawakuwa nacho, kilikuwa jioni. Aliamini kwamba watu wa rangi yetu hawapaswi kupigwa picha mchana, maana jua la saa saba linamwachia mtu paji la uso na pua tu, macho yanabaki mashimo. Jumapili tukitoka kanisani tulifunga kamera kwenye baiskeli, tukashika barabara ya Itungi mpaka ufukweni, wateja wetu nao wakaja na nguo zao kwenye mifuko, tukasubiri. Kuanzia saa kumi na moja jua lilikuwa linashuka upande wa Malawi, nyuma ya mpiga picha, na mwanga wake ukaja chini chini juu ya mpunga, ukawafika watu usoni bila kuwafinya macho. Nyuma yao ziwa, na ng'ambo ya maji milima ya Livingstone inabadilika rangi mpaka kama saa kumi na mbili na robo. Kisha basi, imekwisha, funga kamera twende. Ambakisye hakupiga zaidi ya picha kumi jioni moja. Alikuwa anasubiri, anapangusa lenzi kwa pindo la shati, anasubiri tena, mpaka wateja wanaanza kunong'ona kwamba huyu mzee anaringa.

Filamu yetu haikuona rangi ile, na hilo lilinitesa. Nikaanza kujaribu. Nilifunika sehemu ya karatasi kwa kiganja wakati taa ya mashine inawaka ili uso usiwe mweusi mno, nikaliacha anga liungue zaidi mpaka mawingu yatokee. Nilikata kipande cha boksi la sigara, nikakifunga kwenye spoku ya baiskeli, nikakichezesha juu ya sura ya bibi harusi asionekane amenuna. Nilichonga penseli mpaka ncha ikawa ya sindano, nikafuta makunyanzi kwenye negativu, ile filamu iliyosafishwa. Halafu siku moja nilichemsha majani ya chai ya Tukuyu mazito kabisa, nikailaza picha humo dakika kumi, ikatoka na rangi ya Itungi saa kumi na mbili. Nililia kidogo, nakiri. Ambakisye akaja, akainusa, akaniuliza siku hizi tunauza picha au tunauza chai. Lakini aliitundika ukutani, na kuanzia hapo watu walikuwa wakija kuulizia zile za jioni.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kuunganisha. Mtu alikuwa Karonga kule Malawi, au Mbeya, au kaburini, na ndugu zake wanataka aonekane pamoja nao. Tulitafuta negativu yake kwenye makopo ya biskuti tulikozihifadhi, tukamtoa kwa kipimo sawa na wenzake, tukamkata kwa wembe, tukamsugua kingo kwa msasa mpaka karatasi iwe nyepesi, tukambandika, tukaziba mshono kwa penseli na wino, halafu tukaipiga picha ile picha na kuitoa upya. Ukiwa na mkono mzuri hakuna anayeona. Ambakisye alikuwa na sharti moja tu juu ya kazi hiyo: kila picha ya kuunganisha iandikwe nyuma, kwa kalamu isiyofutika, neno moja, imeunganishwa. Hakuwahi kunieleza kwa nini. Nadhani kuna jambo lilimpata Zambia. Mimi niliona ni uzee.

Masika ile, nikiwa nasuuza picha, nikasikia wanawake wawili kwenye benchi wanamsema mwanamke wa Ngonga. Anyosisye amezikwa, walisema, yule mfanyabiashara aliyekuwa akivusha sukari na sabuni kwenye mto Songwe, na yule Sekela wake amekaa msibani anapika kama mke. Mke gani? Hata ng'ombe mmoja hakuswagwa kwenda kwa baba yake. Na yule mtoto, nani anajua. Ukoo umesema utakaa baada ya mpunga kuvunwa, na hapo atafungashiwa vyombo vyake arudi kwao Busale, na mtoto wake aende naye. Mmoja akasema anamwonea huruma. Mwenzake akasema huruma haijengi nyumba. Kisha wakageukia bei ya vitenge. Kwa hiyo Sekela alipokuja studio wiki chache baadaye, sikudanganywa na mtu. Nilijua anataka nini na anakitaka kwa ajili gani, na hilo naomba likumbukwe, maana miaka mingi nilijaribu kulisahau.

Alikuwa mwembamba, wa umri wangu, na mtoto wa miaka minne anaitwa Gwakisa, ambaye alikwenda moja kwa moja kwenye pazia akajaribu kupanda ngazi zilizochorwa. Sekela alisema anataka picha ya watu watatu ili mtoto amkumbuke baba yake. Alijua tuna negativu ya Anyosisye, kwani alipiga kwetu miaka miwili nyuma, amesimama nje ya studio asubuhi. Ambakisye akakubali, akanipa kazi mimi. Jumapili ya mwisho wa Mei mvua ilipopumzika tukaenda Itungi. Nilimsimamisha Sekela upande mmoja, mtoto katikati, na upande wa pili nikaacha nafasi ya mtu. Nikamwambia Gwakisa atazame juu, pale, kama anatazama mtu mrefu. Akauliza ni nani. Sekela akamwambia ni baba. Mtoto akatazama. Nilibonyeza mara moja tu.

Kazi ile ilinichukua wiki. Anyosisye alikuwa amepigwa na jua la asubuhi, mwanga ukitoka upande usiofaa, kwa hiyo niliigeuza negativu yake nyuma mbele ili amulikwe upande mmoja na wenzake. Mfuko wa shati ukahamia kulia, nikaufuta, nikauchora upya kushoto. Uso wake ulikuwa na vivuli vikali, nikavilainisha. Siku mbili nzima zilikwenda kwenye kivuli chake cha mchangani, kirefu, kilichoegemea walikoegemea vivuli vya mkewe na mwanawe, nilichokipaka kwa wino uliochanganywa maji tabaka kwa tabaka. Halafu chai. Ilipokauka, nilikaa nayo kwenye mwanga mwekundu nikashangaa. Mwanamume amesimama na watu wake, jioni, mtoto anamtazama usoni, na hakuna mtu duniani angesema hakuwa pale. Sijawahi kufanya kitu kizuri hivyo, wala sitafanya tena, na nilikuwa na furaha ya kijinga.

Sekela alipokuja kuichukua, Ambakisye alikuwa uani anaongea na fundi baiskeli. Nilikuwa nimeshaishika kalamu. Akaniwekea mkono juu ya mkono, akaniambia, "Dada, usiandike." Nami sikuandika. Nikaifunga kwenye gazeti, nikampa, akasema ndaga fijo, asante sana, akaondoka na mtoto mgongoni. Ningependa kusema nilifanya kwa huruma. Huruma ilikuwepo. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba sikutaka neno lile liguse picha yangu.

Mpunga ulipovunwa, Alhamisi moja, Ambakisye akiwa Mbeya na filamu za watu, alikuja mtu na baiskeli kutoka Ngonga. Kikao cha ukoo kinaendelea, alisema, na anatakiwa mwenye studio, au yeyote anayeijua picha hii. Nikapanda nyuma ya baiskeli yake. Kwetu mke hakai mbele ya baba mkwe. Hamtazami, halitaji jina lake, akimwona njiani anachepuka kwenye migomba mpaka apite. Kwa hiyo katika kikao kilichokuwa kinapanga maisha yake, Sekela hakuwepo. Alikuwa nyuma ya jiko na mwanawe. Angejitokeza kujitetea, wangesema tazameni, hakufunzwa kuwa mkwe wa mtu. Akikaa nyuma, hana wa kumsemea. Ndiyo maana aliituma picha, na picha haiwezi kujibu swali, ikabidi aitwe fundi.

Walikuwa wamekaa kwenye viti na mikeka, baba wa Anyosisye kimya katikati, na baba mdogo wake ndiye aliyekuwa anaongoza maneno. Huyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na picha mkononi na alinieleza taratibu: mwanamume haendi ufukweni na mwanamke wa kupita na mtoto wa kuokota, wakavaa vizuri, wakapigwa picha hivi. Kama marehemu alifanya hivi, basi alishaamua mwenyewe, na ng'ombe watatolewa hata sasa, mama na mtoto wakae. Lakini studio zina ujanja siku hizi. Akaigeuza picha nyuma, akanionyesha hapajaandikwa kitu. Akaniuliza kama ni picha ya kweli na ilipigwa lini. Nilikuwa nimeambiwa na Sekela, siku ile ya Itungi, kwamba mwezi wa kumi na mbili Anyosisye alikuwa bado anafanya safari zake za Karonga. Nikasema ilipigwa mwezi wa kumi na mbili, kabla ya Krismasi, Itungi, na niliipiga mimi.

Nilidhani imekwisha. Ndipo mama yake Anyosisye, aliyekuwa amekaa na wanawake upande wa ukuta, akaomba kuuliza. Mwanamke mfupi, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe cha msiba, macho yamevimba hata baada ya miezi yote ile. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Siku hiyo alikuwa anacheka?" Watu wote wakanitazama. Nikasema ndiyo, alicheka, mtoto alikuwa anapigana na mawimbi. Akauliza alikula nini. Nikasema samaki, mbasa wa kuchoma, tulinunua palepale kwa wavuvi. Akauliza kama alimtaja yeye. Nikasema alisema akimaliza safari moja iliyobaki atakuja kumwona mama. Yule mama akafunika uso kwa khanga. Baba mdogo akakohoa, akasema imetosha. Wakakubaliana palepale, Sekela na Gwakisa wakakaa.

Ambakisye alizisikia habari Jumamosi sokoni, kutoka kwa mtu aliyempongeza kwa ushahidi wa studio yake. Akarudi, akafunga mlango wa mbele mchana kweupe, akaniambia nimtolee nakala niliyobaki nayo. Aliipeleka kwenye mlango wa uani, penye mwanga, akaitazama muda mrefu, kivuli, mfuko, mtoto. Nilitegemea matusi. Alikaa kwenye benchi la wateja kama mteja. "Ni picha nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka hapa," akasema, "na siwezi kuitundika." Akaniambia hatakwenda Ngonga kusema chochote, kwa kuwa akisema, mtoto atatolewa nje kesho yake. Nisitegemee pia anisaidie kuubeba uongo ule. Kazi za kuunganisha alizikataa kuanzia siku hiyo, na mapato yetu yakapungua, na hakuwahi kunilaumu kwa hilo. Afadhali angenilaumu.

Jumatano iliyofuata mama Anyosisye akaja studio. Alikuwa ametembea kutoka Ngonga na mkungu mdogo wa ndizi mbivu kichwani. Akaniamkia, ugonile, akakaa kwenye benchi, akangoja nimalize mteja, kisha akasema amekuja nimsimulie tena ile jioni. Nikamsimulia. Akaondoka ameshukuru. Jumatano nyingine akaja tena, safari hii na mchele kwenye kitambaa, akauliza mwanawe alivaa viatu gani, na kama alikuwa anakohoa, na kama maji yalikuwa tulivu. Kila Jumatano. Mwanzoni niliongopa haraka haraka, ili aondoke. Baadaye nikaona najichanganya, nikanunua daftari la shule nikawa naandika niliyoyasema: mbasa wawili, si watatu, alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, alisema upepo wa Itungi unamkumbusha utoto. Nilijisomea kabla hajafika. Jamani, ni kazi nzito kumtengeneza mtu. Penseli na wembe vilikuwa mchezo. Sasa ilinibidi nimpe maneno, nimpe njaa, nimpe namna ya kucheka, na mbele yangu amekaa aliyemzaa.

Nilianza kuchoka kwa namna ambayo usingizi haukuiondoa. Jumapili Ambakisye aliponiita twende Itungi, nilisingizia kichwa. Nilikuwa siwezi kutazama mwanga ule bila kumwona Anyosisye amesimama ndani yake, na mara mbili tatu, naapa, nilikumbuka sauti yake, mimi ambaye sikuwahi kuongea naye hata siku moja. Picha zangu zikawa mbaya. Nilimuunguza bibi harusi mmoja mpaka mama yake akakataa kuichukua picha. Na hofu haikuniacha: yule mama akimuuliza Sekela jambo lilelile, na Sekela akasema jingine, itakuwaje? Nikamvizia Sekela gulioni, nikamwambia tupatane maneno. Alinenepa kidogo, alikuwa na khanga mpya, Gwakisa anakula muwa. Akanishangaa.

"Mimi nakaa naye kila siku," akasema. "Kuhusu picha ile hajaniuliza hata neno moja."

Hilo halikunituliza hata kidogo. Niliona yule mama ananiuliza mimi peke yangu kwa sababu aliniamini mimi zaidi, nikaingiwa na aibu. Desemba ilipofika, mvua zimeanza, nikaamua. Nitamwambia mama Anyosisye peke yake, kwa siri, nitampigia magoti amwonee huruma Sekela, na baada ya hapo litakalokuwa na liwe. Nilijua ninachokiweka rehani: mtoto wa miaka minne aliyeanza kumwita babu yake babu. Nilijua, na bado nilikwenda Ngonga, kwa kuwa nilikuwa nimefika mwisho wa nguvu zangu. Watu husema ukweli kwa ujasiri. Mimi niliupeleka kwa uchovu.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Sekela alikuwa shambani, mzee amekwenda kilabuni. Mama Anyosisye hakushangaa kuniona siku isiyokuwa Jumatano. Aliniingiza ndani, chumba chenye kitanda, magunia mawili ya mpunga na harufu ya kakao iliyoanikwa barazani, akaniletea mbalaga, ndizi zetu za kupika, zikiwa bado za moto, akakaa mkekani na ungo wake kuchambua mchele. Picha ilikuwa ukutani kwenye fremu. Sikugusa chakula. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja: hakukuwa na jioni, hakukuwa na samaki, mwanao sikuwahi kumwona Itungi, nilimkata kwa wembe, kivuli kile ni wino. Nikasema kosa ni langu, usiwafukuze. Vidole vyake havikusimama. Alitoa kokoto, akalitupa mlangoni, akatoa jingine.

"Mwezi wa kumi na mbili ule unaousema," akaanza, "nilikuwa naye Karonga, kwa binti yangu. Hapa waliambiwa nimekwenda kumwona mjukuu. Yeye mwenyewe hakutaka watu wajue, hata huyu Sekela. Alikuwa hawezi kusimama. Nilikuwa namgeuza kitandani kwa mikono hii."

Nikamtazama. Kumbe alijua tangu siku ya kikao. Kumbe wakati mimi nasema kabla ya Krismasi, yeye alikuwa anajua kabla ya Krismasi mwanawe alikuwa na uzito gani. Nilipata hasira, ndiyo, hasira, kwa Jumatano zote zile na daftari langu. Nikamuuliza kwa nini basi alininyamazia mbele ya ukoo.

"Yule mtoto sikuhitaji picha kumjua. Nimemlea baba yake. Picha ilikuwa ya shemeji zangu."

"Na huko studio, mama? Ulikuwa unaniuliza nini?"

Aliupepeta ungo mara moja, polepole, akauweka chini. Akasema kila anayeingia nyumba ile anamletea habari za Anyosisye, na zote anazo. Alivyozaliwa, anajua. Alivyoiba miwa, anajua. Alivyokufa, anajua kuliko wote. Wakimaliza kusimulia, anabaki na zilezile. "Wewe peke yako," akasema, "ulikuwa unaniletea mpya."

Nilikuwa nalia na nilikuwa nimechoka, na nje mvua ilianza kupiga bati, akanyanyuka akaingiza kakao, akarudi, akanisogezea sahani, akaniambia nile zisipoe. Nikala. Alikaa tena mahali pake, akauchukua ungo.

"Haya," akasema bila kunitazama. "Alipomaliza samaki, akafanya nini?"

Nikamwambia alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini mpaka magotini, na mtoto akamfuata.